Bawasiri ya mjomba na protini ya 1965

Najua nimepotea, bumu lilichelewa halafu UE zikaingia. Leo naandika kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu nirudi chuo kutoka nyumbani Tunduma.

Mjomba wangu alikuwa anajisaidia damu. Mwaka mzima kaambiwa ni bawasiri, kapewa dawa za kupaka, kanywa na za mizizi. Mwisho akasafiri hadi Dar, zaidi ya kilomita 900, akapimwa kwa kamera: saratani ya utumbo mpana. Kafanyiwa upasuaji, na sasa kila baada ya miezi mitatu anatolewa damu kupima kitu kinaitwa CEA. Akaniuliza, "Mwalimu, hiyo namba ndiyo nini?" Nasomea ualimu wa historia na baiolojia, na sikuwa na jibu. Aibu! Nikaingia maktaba.

Kumbe jibu linaanzia huku kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakifuatilia uvimbe wa taya za watoto ambao leo una jina lake. Baadaye, katika kukusanya taarifa za hospitali za Afrika, akaona saratani ya utumbo mpana ni nadra huku kuliko Ulaya. Mwaka 1971 akaandika kwamba chakula chenye nyuzinyuzi ndicho kinatukinga. Hoja nzuri, na dona naendelea kulisifu. Ila nadhani tuliisikia vibaya. "Nadra" tukaigeuza "haipo". Mtu akitoka damu, tunawaza bawasiri, amiba, kichocho, basi.

Sasa namba ya mjomba. Mwaka 1965 huko Montreal, Kanada, Phil Gold na Samuel Freedman walikuta protini moja kwenye uvimbe wa utumbo mpana. Protini hiyo hiyo ipo kwenye utumbo wa mtoto aliye tumboni, na kwa mtu mzima mwenye afya hubaki kidogo sana. Ndiyo CEA. Watu wakadhani wamepata kipimo cha kugundua saratani kwa kila mtu. Wapi! Wavuta sigara na wagonjwa wa ini nao hupanda, na saratani changa inaweza isionekane kabisa.

Ikabaki na kazi nyingine: kusoma mwelekeo. Ikiwa juu sana kabla ya upasuaji, hatari ni kubwa zaidi. Uvimbe ukiondolewa wote, inatakiwa ishuke. Ikianza kupanda tena, daktari anatafuta ugonjwa umerudi wapi. Siku hizi hupimwa pia protini za kurekebisha DNA, kama MLH1 na MSH2, ndani ya uvimbe wenyewe. Uvimbe wa hatua ya pili uliozikosa mara nyingi huwa na matokeo mazuri zaidi.

Nilimpigia mjomba nikamweleza. Akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo hainiambii nilichelewa?" Nikamwambia hapana, mjomba, inatuambia tu tunaelekea wapi.

Mwaka ule wa dawa za kupaka hakuna protini itakayourudisha. Wadau, ukiona damu chooni, usione haya, na usikubali neno bawasiri kabla hujapimwa.

Wiki ijayo naenda TP. Tuombeane.