Wiki Moja ya Darasa la Tatu

Hapa Madungu, mjini Chake Chake, nimefundisha kwa miaka 27. Kila nilipoulizwa ni nani aliyenifundisha kusoma, nilikuwa nikilitaja jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Jibu hilo halikuwa la kweli. Aliyenifundisha herufi ni dada yangu, na yeye mwenyewe alisoma shule wiki moja tu katika umri wake wote: wiki moja ya darasa la tatu, katika shule ya masista wa Kikatoliki mjini Unguja, mwaka 1955. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, nami naona ni deni kulieleza jambo hili.

Msimu ule mikarafuu yetu ilizaa vizuri. Mjomba, aliyekuwa karani forodhani Unguja, akamwandikia baba kwamba binti yake anasoma kwa masista, na kwamba dada angeweza kukaa kwake asome pia. Dada alikuwa na miaka 9. Pemba siku zile nafasi za shule kwa wasichana zilikuwa chache. Baba alisitasita, mama akambembeleza, mwisho dada akapanda meli.

Ili msomaji asije akamdhania baba ni mtu wa ujinga, hapana budi nieleze. Baba alikuwa akisoma Kurani na akiandika barua zake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa pwani kwa karne nyingi. Lakini mbele ya karani wa serikali, aliyetambua herufi za Kirumi tu, alihesabika hajui kusoma.

Na hofu yake juu ya misheni ilikuwa na asili. Mapadri wa kwanza wa Kikatoliki wa zama hizi walifika Unguja mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na masista. Mwaka 1863 kazi yao ikashikwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Wanafunzi wao wa mwanzo wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, ambao hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwauliza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Babu yetu aliyashuhudia hayo ya mwisho. Kwa watu wa rika lake, mtoto wa misheni alikuwa mtoto asiye na kwao. Kumpeleka huko binti mwenye baba aliye hai kulikuwa kama kutangaza kwamba hana wenyewe.

Serikali nayo iliionja hofu hiyo. Shule zake zilipoanza, wazazi wengi walizikwepa, wakaona bora chuo cha mwalimu wao wa mtaani. Ndipo baadaye Kurani ikaingizwa katika masomo ya shule za serikali, na watoto wakaanza kuongezeka. Shule ya masista haikuwa na Kurani. Ilikuwa na katekisimu.

Dada aliingia siku ya Jumatatu. Kwa umri alistahili darasa la tatu, kwa elimu hakustahili hata la kwanza. Masista wakakubali akae karibu na binti wa mjomba, wamtazame kwa wiki moja. Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba Jumatatu iliitwa siku ya kwanza ya masomo. Kwetu wiki ya chuo ilianza Jumamosi, siku ya mosi kama jina lake lisemavyo. Miaka mingi baadaye alinionyesha jambo ambalo mimi mwalimu sikuwa nimeliona: kwamba Mswahili ana siku ya tano mara mbili, Jumatano kwa hesabu yake na Alhamisi kwa hesabu ya Mwarabu. Alikuwa akicheka, akisema ndiyo maana hatuna haraka.

Jumanne walifanya jedwali la kuzidisha, darasa zima kwa sauti moja. Hapo alijiona yuko nyumbani, kwani chuoni alikwisha kuzoea kuhifadhi kwa sikio. Jumatano ilikuwa katekisimu. Wasichana wa Kiislamu walitolewa nje barazani wakapewa vitambaa washone. Kupitia dirishani alisikia sista akiuliza na watoto wakijibu kwa pamoja, swali na jibu, swali na jibu. Hakufahamu neno hata moja, maana ilikuwa Kiingereza, lakini aliniambia: “Miye n’kajua wanafanya kama sisi. Mwalimu kakaa, watoto wanaimba.” Alhamisi ikatundikwa ramani. Sista akamwita, akamwekea kidole penye nukta ya kijani, akamwuliza jina. Dada akasema, “Pemba.” Darasa likampigia makofi. Hilo ndilo neno pekee alilolisema mbele ya darasa lile.

Kila jioni binti wa mjomba alimrudisha kwenye daftari, akamwandikisha herufi. Kufika Alhamisi usiku alikwisha kuzijua zote. Hapa ndipo bahati ya lugha yetu inapoonekana. Kiingereza ukishazijua herufi bado hujaanza, lakini Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mwenye kuzijua herufi zake amekwisha kupata ufunguo wa nyumba nzima.

Ijumaa asubuhi baba akatokea. Mtu mmoja alikuwa amemfikishia habari kwamba watoto wa shule ile hupiga ishara ya msalaba kila asubuhi. Ni kweli wenzao walipiga, na wa Kiislamu walisimama kimya, lakini baba hakungoja maelezo. Hakugombana na mtu. Sista mkuu naye hakubishana, alimwita dada akampa daftari lake. Wakarudi Pemba.

Mwaka 1964 yakatokea Mapinduzi, shule za dini zikataifishwa, na tarehe 23 Septemba mwaka ule ule ikatangazwa elimu bure kwa wote. Kizuizi cha ada na kizuizi cha msalaba vyote viliondoka kwa pamoja. Lakini dada alikuwa na miaka 18, ameolewa, ana mtoto mgongoni.

Daftari lile lilikuwa na kurasa tano zilizoandikwa, moja kwa kila siku, na ya tano ina tarehe tu. Mimi nilizaliwa mwaka 1951. Kabla sijaingia shule alikuwa akinikalisha uani, analifungua, ananionyesha herufi, nami naiandika mchangani kwa kidole. Hakuniruhusu kuandika ndani yake. Nilipomwambia kurasa zingine zote ziko tupu, alijibu, “Hizo si zangu. Hizo za shule.”

Baba hakuwahi kulizungumza jambo hili. Ila kila msimu wa karafuu, jioni wachumaji walipoleta mizigo yao kupimwa, alikuwa akituma aitwe binti yake, hata baada ya kuolewa. Dada alikaa karibu na pishi, wachumaji wakapimiwa, naye akataja malipo ya kila mmoja papo hapo, kwa jedwali la Jumanne ile. Akisema yeye, hapakuwa na ubishi. Baba alisimama pembeni, kanyamaza. Nilipokuwa kijana nilidhani anamtumikisha. Leo naamini alikuwa akimwomba radhi kwa njia aliyoiweza.

Serikali ilipoanzisha madarasa ya watu wazima nilimhimiza ajiandikishe. Alikataa. “Miye nshasoma,” alisema, “darasa la tatu.” Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka.

Daftari ninalo mimi sasa. Wajukuu huniomba waandike katika zile kurasa tupu, nami huwakatalia.