Habib Swaleh, Langoni na Karo ya Chuo
Chama cha urithi kikitaka kumkumbuka mtu wa mji wake kwa ufadhili wa masomo ya chuo, wajumbe hubishana sana juu ya jina, na masharti huandikwa jioni wakati watu wameshachoka. Kwa Lamu, ikiwa ufadhili huo utaitwa kwa jina la Habib Swaleh, kuandika masharti hivyo kungekuwa kosa kubwa. Habib Swaleh bin Alawi Jamal al-Layl alitoka Ngazija akahamia Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 19, akafanya makao mtaa wa Langoni, mbali na majumba ya mawe ya waungwana wa mtaa wa Mkomani. Huko aliwasomesha watumwa na watoto wao, na wakubwa wa mji, masharifu wenzake wakiwemo, wakaona elimu inavunjiwa heshima. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Maana yake, aliyekaa mbele yake kusoma huenda alikuwa bado mali ya mtu. Matwari yaliyopigwa katika usomaji wa Maulidi ya al-Habshi yaliwaudhi zaidi wakubwa hao. Lakini Msikiti wa Riyadha ulisimama, wanafunzi wakaja kutoka pwani nzima, na Maulidi yaleyale leo ndiyo yanayoujaza mji wageni kila mwaka.

Wapo watakaosema fedha za ufadhili zitie chokaa kuta kwanza, maana mji umo katika orodha ya Unesco tangu 2001 na nyumba zinabomoka. Hoja hiyo ina nguvu. Ila ukuta wa Mkomani unahifadhi habari za waliomkataa; nyumba za makuti za Langoni hazikudumu, na kilichobaki cha mtaa ule wa zamani, ukiacha msikiti, ni watu waliosomeshwa. Wengine watauliza jina la mwanachuoni wa dini linahusianaje na muuguzi au mhandisi. Yeye mwenyewe alisifika kwa dawa za miti shamba, na wagonjwa walimwendea kama walivyomwendea wanafunzi.

Linalonitia wasiwasi ni alama za mtihani. Ufadhili ukitolewa kwa alama pekee, utamwangukia mtoto aliyelipiwa masomo ya ziada tangu darasa la kwanza, na jina la Habib Swaleh litakuwa limerudishwa Mkomani. Basi wenye kuandika masharti waanze na mtoto ambaye ukoo wake haujawahi kupeleka mtu chuoni, kisha ndipo waangalie alama.