Kosa la Kukosa Makao

Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, askari na mabaharia wengi wa Uingereza waliachishwa kazi, wakazagaa mijini bila pato wala mahali pa kulala. Mwaka 1824 Bunge la London likatunga sheria: alalaye nje, asiye na njia ya kujipatia riziki, aweza kufungwa hadi miezi mitatu na kazi ngumu. Fikira hiyo ilivuka bahari pamoja na ukoloni. Kenya nayo ikawekewa sheria ya wazururaji. Watu walikamatwa Nairobi na kurudishwa mashambani. Ilifutwa mwaka 1997, miaka 34 baada ya Uhuru. Lakini kifungo hakimpi mtu kazi wala nyumba: ufunguliwapo mlango wa gereza, maskini hurudi pale pale barabarani alipotolewa.