Bei ya Unga na Habari Kubwa za Mwaka

Kila mwaka, Noeli ikiisha kupita na watu wakingojea Bonane, magazeti mengi hufanya kazi moja. Waandishi hukaa pamoja, hufungua karatasi za miezi yote, huzipanga habari za mwaka: hii ya kwanza, hii ya pili, hata ya kumi. Wasomaji hupenda sana hesabu hiyo. Huisoma wakikubali hapa na kukasirika pale, na mara nyingi mabishano hayaishi mezani mpaka kengele ilie. Sisi pia tumebishana. Lakini siku moja tulijiuliza neno lingine: mutu atakayeandika historia ya mwaka huu, miaka mia ikiisha kupita, je, atakuta ndani ya zile kumi jambo atakalolitafuta?

Katika magazeti desturi hii si ya zamani sana. Huko Marekani shirika la habari Associated Press lilianza mwaka wa 1936 kuwauliza wakubwa wa magazeti wataje habari kubwa za mwaka. Mwaka ule wa kwanza walitia mbele ya zote habari ya Edward VIII, mufalme wa Uingereza, aliyeacha ufalme ili apate kumwoa mwanamuke aliyekwisha kuolewa mara mbili. Aliuacha tarehe 11 Desemba. Musomaji aitazame vema tarehe hiyo. Hesabu ya mwaka hufanywa mwezi wa Desemba, na jambo la Desemba lingali moto mukononi, lakini la mwezi wa Februari limekwisha kupoa. Mwaka uleule, mwezi wa Julai, vita ya ndugu kwa ndugu ilikuwa imeanza Hispania, na katika vita ile maelfu ya mapadri na watawa waliuawa. Habari ya mufalme na mapendo yake ikapita mbele. Hatusemi ya kuwa waandishi wale walikuwa wajinga. Mufalme kuacha kiti chake kwa kutaka kwake mwenyewe si neno la kila siku, na watu walitaka kulisoma.

Kuna tena kosa la kipimo. Tarehe 17 Desemba 1903, pwani ya North Carolina, ndugu wawili Wilbur na Orville Wright waliruka kwa ndege yao mara nne, na mara iliyokuwa ndefu kupita zote ilidumu sekunde 59. Walipeleka telegramu nyumbani kwao Dayton, katika inchi ya Ohio, na humo zilitajwa sekunde 57. Ndugu yao akaipeleka kwa mwandishi wa gazeti la muji wao. Husimuliwa ya kuwa mwandishi yule alijibu: kama zingekuwa dakika 57, labda ingekuwa habari. Alizoea kupima mambo kwa urefu wake, masikini, na siku hiyo kipimo chake kilimudanganya. Na mutu wa kwanza kuandika vema habari ya ndege ile, kwa kuwa aliiona kwa macho yake ikiruka, ni Amos Root. Aliiandika mwezi wa Januari 1905, katika gazeti lake la wafuga nyuki!

Lakini mbele ya magazeti kulikuwa ubao. Sisi tuliotoka jasho juu ya Kilatini tunamujua Cicero. Katika kitabu chake De oratore anaeleza ya kuwa kuhani mukuu wa Roma ya kipagani, Pontifex Maximus, aliandika mambo ya kila mwaka juu ya ubao mweupe, akauweka nyumbani mwake ili watu wote wapate kujua. Desturi ile ilidumu hata zamani za Publius Mucius Scaevola, aliyekuwa kuhani mukuu toka mwaka wa 130 mbele ya Kristu. Na ubao ulisema nini? Tunajua kwa kinywa cha mutu aliyeudharau. Cato Mzee, alipoandika historia yake iitwayo Origines, alisema hapendi kuandika yale yanayoonekana penye ubao wa kuhani: ni mara ngapi nafaka ilipanda bei, ni mara ngapi mwezi au jua lilishikwa na giza. Yeye alitaka mambo mazito. Katika kila nyumba ya gazeti, mwezi wa Desemba, Cato angali anakaa kwenye kiti cha mukubwa.

Tunamuheshimu Cato, lakini hapa alikosa. Cicero huyohuyo, katika De re publica, anasema ya kuwa wenye elimu walishika giza moja la jua lililoandikwa katika maandiko yale ya makuhani, karibu miaka 350 kisha kujengwa kwa Roma, wakahesabu kwa kurudi nyuma magiza yote ya jua hata zamani za Romulus. Andiko dogo la ubao likawasaidia kupanga miaka ambayo vita na wafalme hawakuweza kuipanga. Hayo ni juu ya giza la jua. Juu ya bei ya nafaka, tutafute mufano karibu, kwetu Katanga.

Mwaka wa 1941 Ubelgiji ulikuwa mikononi mwa Wadachi tangu mwezi wa Mei 1940, na Kongo ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa ajili ya vita. Bei za vitu zilipanda, mushahara ukabaki nyuma. Wafanyakazi weusi wa Union Minière waliokuwa wakipata faranga 1,50 kwa siku waliomba 2. Tarehe 3 Desemba mugomo ulianza, ukaenea toka machimbo haya hata yale, na Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, watu waliuawa. Tarehe 7 Desemba ndege za Wajapani zilipiga Pearl Harbor. Tarehe 9 Desemba, siku mbili tu kisha hiyo, watu waliokusanyika katika kiwanja cha mupira cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, walipigwa risasi na askari. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa ajili ya wenzake, aliuawa hapo. Hesabu ya waliokufa haijapatana hata leo: serikali ilitaja yake, wengine walitaja kubwa zaidi, na wote wanakubali ya kuwa walikuwa makumi. Kesho yake watu walirudi kazini.

Mutu akizipanga habari za dunia za mwaka ule, nani atamulaumu akitia Pearl Harbor mbele? Vita ilikuwa imeingia Marekani na Asia yote. Ni kweli tena ya kuwa wakati wa vita serikali ililinda sana maneno yaliyoandikwa. Lakini neno letu si habari gani itakuwa ya kwanza na gani ya tano. Tunasema hivi: kama mutu mumoja katika muji ule angaliandika mwezi kwa mwezi bei ya unga, bei ya kitambaa na kiasi cha mushahara, kama kuhani wa kipagani alivyoandika kwenye ubao wake, tarehe 9 Desemba ingalionekana ikija toka mbali. Risasi ndizo zingeitwa habari. Bei ya unga ndiyo iliyozileta, na bei ya unga haina saa wala mahali ambapo mwandishi angeweza kufika mbio na kalamu yake.

Katanga ina mufano mwingine wa namna hiyo. Mwaka wa 1915 Robert Sharp alivumbua madini ya uraniumu huko Shinkolobwe. Mwaka ule dunia ilitazama vita ya Ulaya, na ilikuwa na haki. Mwaka wa 1940 Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alipeleka kwa siri zaidi ya tani 1.000 za mawe yale New York. Mwezi wa Agosti 1945 bomu la Hiroshima likawa habari ya dunia nzima, na sehemu kubwa ya uraniumu yake ilitoka Shinkolobwe. Waliochimba mawe yale kwa mikono yao hawakuambiwa ni ya kazi gani.

Padri mumoja rafiki yetu alitukataza kuyasema magazeti vibaya. Alisema: gazeti si historia, ni chakula cha siku. Tunakubali, tena tunaongeza neno la kuyasifu yale madogo. Gazeti la muji mudogo likitia daraja lililovunjika mbele ya vita ya ngambo, wenye elimu hucheka. Sisi hatucheki. Daraja lile ndilo watu wake wanalolipita wakienda sokoni, na gazeti la namna hiyo linaukaribia ubao wa kuhani kuliko magazeti makubwa.

Na sisi katika Eklezya tuna ubao wetu. Kadinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe kuandika diari katika kila misioni, na ndivyo walivyofanya pande zetu za Tanganika, huko Mpala na kwingineko, toka zamani zile za kwanza. Leo wanaotafuta historia ya njaa, ya ndui au ya malale wanafungua diari zile. Hawatafuti humo sana mapokezi ya Askofu, ingawa yameandikwa kwa urefu na kwa mwandiko muzuri. Wanatafuta mustari mumoja chini yake: mvua imechelewa, wagonjwa wanne wamekufa kijijini, chumvi haipatikani.

Waseminari hutuuliza waandike nini watakapopewa diari ya parokia, na makatekista hutuuliza juu ya daftari zao za vijijini. Tunawajibu: andikeni siku ya mvua ya kwanza. Andikeni bei ya kipimo cha unga sokoni, kila mwezi, hata kama haikubadilika. Andikeni kijiji gani hakina tena mwalimu, na vijana wangapi wamekwenda machimboni. Waliokufa muwaandike kwa majina yao yote na jina la kijiji chao, maana wale wa kiwanja cha mupira tunawahesabu kwa makumi tu. Edward VIII yeye hana shida. Habari zake zitapatikana mahali pengine.