Miwani ya pikipiki

Miwani ya pikipiki ni kinga ya macho inayovaliwa na dereva au abiria wa pikipiki dhidi ya upepo, vumbi, wadudu, changarawe na jua. Ipo ya mikono, iliyopinda kufuata uso, na ipo ya mkanda, yenye sponji inayoziba pembeni. Kofia ngumu yenye kioo kizima kilichoteremshwa hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini bodaboda wengi wa Afrika Mashariki huvaa kofia isiyo na kioo, au yenye kioo kilichokwaruzika hadi kikaachwa juu siku zote, na hapo miwani ya jua ya barabarani ndiyo kinga pekee. Mnunuzi huitazama kwanza kwa weusi wake, jambo ambalo lingefaa kuwa la mwisho.

La kwanza ni uimara. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu meta 17 kila sekunde. Mbawakawa mmoja jichoni hutosha kumfumba dereva macho yote mawili kwa umbali huo. Kokoto linalorushwa na tairi la lori linalokuja mbele hugonga kwa mwendo wa vyote viwili. Lenzi inayofaa ni ya polikaboneti, plastiki nyepesi ambayo hubonyea badala ya kuvunjika vipande kama kioo. Udhaifu wake ni kukwaruzika upesi, na haipatani na petroli: ikifutwa kwa kitambaa kilichotoka kusafishia mnyororo, huweza kupata ukungu na nyufa ndogo. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 166, herufi F humaanisha lenzi imestahimili gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa meta 45 kwa sekunde. Marekani alama ya namna hiyo ni Z87+.

Kuzuia miale ya urujuanimno ni suala jingine, wala halionekani kwa macho. Lenzi nyeupe ya polikaboneti huizuia karibu yote, ilhali plastiki nyeusi ya bei ya chini huenda isiizuie; mboni ikipanuka gizani nyuma yake, miale mingi zaidi huingia. Maandishi UV400 yana maana ya kuzuia miale hadi nanometa 400, ila yeyote aweza kuyachapa. Duka la miwani lenye kipimo hukagua kwa sekunde chache. Jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho, na likichanganyika na upepo na vumbi huchangia kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho kuelekea mboni.

Weusi hupangwa kwa daraja 0 hadi 4. Daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga na linatosha mchana wa jua kali. La 4 halifai kuendeshea chombo chochote. Kijivu na kahawia huacha rangi za taa za barabarani zitambulike vizuri. Lenzi za polaraizi hukata mng'ao wa lami, lakini zinaweza kuficha mng'ao wa oili iliyomwagika, na skrini ya simu iliyofungwa kwenye usukani huweza kuonekana nyeusi tii, kero kwa anayefuata ramani ya abiria.

Karibu na ikweta giza huingia haraka. Lenzi iliyofaa saa kumi jioni ni hatari saa moja usiku, na dereva anayeivua hubaki macho wazi wakati wadudu wanapotoka. Miwani ya pili, nyeupe, si anasa. Lenzi za njano zinazouzwa kuwa za usiku hazisaidii: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 halikuona zikiboresha uwezo wa kumtambua mtembea kwa miguu mbele ya taa za gari linalokuja. Zinazobadilika rangi zenyewe huchukua dakika kadhaa kurudi nyeupe.

Mikono iwe myembamba na iliyonyooka, ili ipenyezwe baada ya kofia kuvaliwa bila kubana masikio. Kabla ya kulipa, ishike miwani mbali na uso, itazame fremu ya mlango kupitia lenzi moja, kisha isogeze polepole. Mstari wa fremu ukipinda au kuyumba, irudishe mezani.