Ganda la Chikichi

Wanaoandika historia ya Kigoma huanza karibu kila mara na wageni: Burton na Speke kufika Ujiji mwezi Februari 1858, Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, reli kufika ziwani mwaka 1914. Mimi nachagua kuanza na ganda la chikichi. Lilikuwapo kabla ya hao wote, na hadi leo tunalihesabu kuwa taka.

Mchikichi wa mwambao wa Tanganyika hutoa mafuta ya aina mbili. Mawese hutoka katika nyama ya nje; Burton mwenyewe aliyataja miongoni mwa mazao ya Ujiji. Mafuta ya mise hutoka katika kiini. Kati ya nyama na kiini kuna ganda gumu, ambalo wanawake wameligonga kwa mawe kizazi baada ya kizazi. Kiini kikishatoka, ganda huishia mekoni kuwa kuni au hubaki jalalani.

Mwezi Februari 1915 Wajerumani waliishusha majini hapa Kigoma meli Graf von Götzen. Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Aprili, jeshi la nchi hiyohiyo liliachia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji. Askari walihitaji barakoa, na barakoa zikahitaji kitu cha kunasa sumu. Mkemia Mrusi Nikolai Zelinsky alitumia makaa yaliyoamilishwa. Marekani nayo, ilipoingia vitani, iliwahimiza raia wake wakusanye kokwa za matunda na vifuu vya nazi. Götzen ilizamishwa na wenyewe Julai 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi (Mjerumani alitarajia kurudi), nayo ndiyo Liemba tunayoijua. Somo la ganda halikufika ziwani pamoja na vita.

Kanuni yake inaeleweka bila maabara. Ganda huunguzwa pasipo hewa mpaka libaki kaboni, kisha hupitishiwa mvuke katika joto la nyuzi kati ya 800 na 1,000 za Selsiasi. Mvuke huila kaboni kutoka ndani, ukiacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja yaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000, na juu ya kuta hizo ndipo molekuli za sumu, rangi au harufu hunaswa. Makaa ya jikoni hayana uwezo huo.

Lakini kila kitundu ni kaboni iliyoliwa. Kadiri uwezo wa kunasa unavyoongezeka, ndivyo nguvu inavyopungua. Mgogoro huu huonekana wazi zaidi katika nyuzi za kaboni. Vitundu vyake hufunguka moja kwa moja kwenye uso, hivyo hunasa upesi kuliko chembe nene. Ukizidisha uamilishaji, uzi hukatika mkononi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhongshan, China, wamezitengeneza nyuzi hizo kutokana na mkonge, zao lililoletwa kwetu mwaka 1893 na ambalo kwa miaka mingi tuliliona kuwa la kamba na magunia.

Suala la nguvu si la kitaaluma tu. Katika mgodi wa Geita, kama ilivyo kwa wachenjuaji wadogo wa Kanda ya Ziwa, dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi hunaswa na kaboni. Chembe dhaifu husagika, hupita kwenye chujio, na huondoka na dhahabu kwenda kwenye mabaki. Kwa hiyo wachenjuaji hutaka kaboni ngumu, hasa ya vifuu vya nazi, na wazalishaji wake wakubwa wako Asia. Malaysia hutengeneza kaboni kutokana na ganda la chikichi pia, mti ambao asili yake ni Afrika.

Niseme jambo moja kwa wanaharakati wenye haraka. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kipindupindu kiliwapata watu wapatao 3,000 na kuua zaidi ya 30. Kaboni isingekiua kijidudu kile. Hiyo ni kazi ya klorini, au ya moto chini ya sufuria. Kaboni huondoa viuatilifu, harufu na ladha mbaya. Anayemwuzia mwananchi chujio la makaa kama kinga ya kipindupindu anamdanganya.

Sasa tumo katika zamu nyingine ya historia. Mwaka 1941, ng'ambo ya ziwa, watafiti wa Yangambi katika Kongo ya Wabelgiji walieleza jinsi unene wa ganda unavyorithiwa: dura yenye ganda nene, pisifera isiyo na ganda, na chotara wao tenera, mwenye ganda jembamba na mafuta mengi. Tangu 2018 serikali imelisukuma zao hili, na kituo cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya tenera. Sipingi, nchi inayoagiza mafuta ya kula haina anasa ya kupinga. Hata hivyo, hesabu inayotajwa majukwaani ni ya lita za mafuta pekee. Dura za wazee wetu zingali zimesimama mashambani. Kihinga, SIDO na maabara za vyuo vyetu wanaweza kuyapima maganda yake, kwa ugumu na kwa unasaji, kabla mashoka hayajaifikia miti hiyo.