Kutoka Europa hadi Ariane: Ushirikiano wa Mataifa ya Ulaya katika Anga za Juu, 1962–1979

Historia ya ushirikiano wa Ulaya katika anga za juu mara nyingi husimuliwa kama historia ya mafanikio ya kiufundi. Hata hivyo, matukio ya miaka ya 1962 hadi 1979 yanadhihirisha kuwa kikwazo kikubwa kilikuwa cha kiutawala, na kwamba kiliondolewa pale mataifa hayo yalipokubali kutolingana katika michango na madaraka.

Mwaka 1962 ilitiwa saini mikataba ya kuanzisha mashirika mawili: ESRO kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, na ELDO kwa ajili ya kuunda roketi. Roketi ya ELDO, iliyoitwa Europa, iligawanywa kitaifa. Uingereza iliunda hatua ya kwanza, Ufaransa ya pili, Ujerumani Magharibi ya tatu, na Italia ikaandaa satelaiti ya majaribio. Kila taifa lilisimamia fedha na wahandisi wake, ilhali sekretarieti ya ELDO haikuwa na mamlaka ya kutosha juu yao. Hatua ya kwanza, iliyotokana na kombora la kijeshi la Blue Streak, ilifanya kazi vizuri. Hitilafu zilijitokeza hasa katika sehemu za juu na pale kazi za mataifa mbalimbali zilipounganishwa. Tarehe 5 Novemba 1971, Europa II iliharibika angani dakika chache baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Hakuna satelaiti iliyowahi kufikishwa kwenye mzingo na roketi hizo.

Kushindwa huko kulikuwa na gharama ya kisiasa. Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilikuwa zikiunda satelaiti ya mawasiliano ya Symphonie, ambayo ilikusudiwa kurushwa na Europa II. Sasa zililazimika kuitegemea Marekani, ambayo ilikubali kuirusha kwa sharti kwamba itumike kwa majaribio, si kwa biashara. Symphonie ya kwanza ilirushwa Desemba 1974 kwa roketi ya Delta. Kwa Ufaransa, utegemezi wa namna hiyo ulikuwa hoja nzito ya kutaka Ulaya iwe na roketi yake.

Suluhisho lilipatikana Brussels, Julai 1973. Badala ya kila taifa kupewa kipande cha chombo kimoja, kila taifa kubwa liliongoza mradi lililoupenda: Ufaransa roketi ya Ariane, Ujerumani Magharibi maabara ya Spacelab, na Uingereza satelaiti ya mawasiliano ya baharini. Ufaransa ilibeba zaidi ya asilimia 60 ya gharama za Ariane, na shirika lake la taifa, CNES, likasimamia kazi yote.

Mkataba wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya, uliotiwa saini Paris tarehe 30 Mei 1975, uliufanya utaratibu huo kuwa kanuni. Sayansi iligharimiwa na wanachama wote kwa kadiri ya pato lao. Miradi mingine iligharimiwa na waliotaka kushiriki, na zabuni zikarudi kwa viwanda vya kila nchi kulingana na mchango wake. Ariane ya kwanza iliruka kwa mafanikio tarehe 24 Desemba 1979.

Kwa hiyo, Ulaya haikupata uhuru wake wa kurusha satelaiti kwa kufuta maslahi ya kitaifa, bali kwa kuyapangia mahali pake. Bei yake ilikuwa wazi: aliyechangia zaidi ndiye aliyeamua zaidi.